Mjakaranda una majani tele, lakini shina limeota uyoga: tuukate au tuuache?

SWALI: Hujambo mtaalamu. Tunaishi Kiamunyi, Nakuru. Nyuma ya nyumba kuna mjakaranda mkubwa tulioukuta tuliponunua kiwanja. Mwaka jana tulitandaza kabro, yaani vitofali vya kutandaza uani, hadi shinani ili gari lipate pa kuegeshwa. Tangu Januari matawi ya juu upande wa kabro yamekauka, na mvua za Aprili zilipoanza, uyoga mgumu wa kahawia uliota kwenye shina, karibu na ardhi. Chumba cha watoto kiko upande huohuo. Mume wangu anasema mti ni mzima kwa kuwa una majani. Jirani anataka tuuangushe. Kijana mmoja wa msumeno amesema kwa shilingi elfu nane ataukata kichwa ili uzito upungue. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada wa Kiamunyi, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao watatu. Usiku wa leo watoto walale chumba kingine, gari liegeshwe mbele ya nyumba, na huyo kijana wa elfu nane mwambie asubiri. Ukishafanya hivyo tunaweza kuzungumza kwa utulivu. Mti wako huenda ukaokolewa na huenda ukahitaji kuangushwa, na uamuzi huo hautolewi kwa kuutazama kutoka dirishani.

Nianze na shemeji. Ameangalia majani, na hapo ndipo wengi huangalia. Majani yatakupa habari za maji na chakula, lakini hayatakwambia kama mti bado umeshika ardhi. Maji hupanda kupitia mbao changa iliyo chini tu ya gome. Kiini cha katikati kinaweza kuoza chote na mti ukaendelea kuvaa majani na kutoa maua kila mwaka. Ndiyo maana baada ya dhoruba utakuta mti umelala juu ya ukuta wa watu, majani bado mabichi, na pale ulipovunjika mbao inapondeka kwa vidole. Wenye nyumba husema ulianguka ghafla, ilhali ulikuwa ukioza kwa miaka.

Kinyume chake nacho kipo, na mjakaranda huwasumbua watu kwa hilo kila msimu. Mti huu asili yake ni Amerika Kusini, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi kabla ya kuchanua. Ukiuona mtupu mwezi Agosti au Septemba, usikimbilie kuita mtu wa msumeno. Vuta kitawi kilicho karibu ukikwaruze kwa ukucha. Chini ya gome kukiwa na kijani na unyevu, tawi ni hai. Kukiwa na kahawia kavu, na kitawi kikavunjika badala ya kupinda, basi hicho kimekufa. Fanya hivyo kwa vitawi kadhaa vya pande tofauti, maana kitawi kimoja kilichokufa hakikwambii lolote kuhusu mti mzima.

Mimi mti naukagua kutoka chini kwenda juu, na sehemu kubwa ya muda wangu huishia shinani. Shina lenye afya hupanuka linapokaribia ardhi, na unaona mabega ya mizizi yakitoka pande zote. Likiingia ardhini wima bila mabega, kuna udongo uliorundikwa juu yake, au sakafu imepandishwa. Gome la shina halivumilii kukaa ndani ya udongo wenye maji. Hulainika, likapasuka, na kuvu ikapata pa kuingilia. Kwa hiyo jambo la kwanza kwako ni kwenda kuangalia kama mabega hayo bado yanaonekana, au yamefunikwa na kabro.

Sasa huo uyoga. Umesema ni mgumu, wa kahawia, na umeota kwenye shina lenyewe. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nihamishe watoto wako kabla hata ya kukusalimia vizuri. Uyoga wa namna hiyo mara nyingi ni wa jamii ya Ganoderma. Hujitokeza kwa umbo la nusu sahani, juu kahawia na pengine unang'aa, na ukingo unaoendelea kukua huwa mweupe. Upande wa chini nao ni mweupe, na kwa baadhi yake ukiukwaruza kwa ukucha alama ya kahawia hubaki hapohapo. Ukikomaa humwaga vumbi laini la rangi ya kakao juu ya chochote kilicho chini yake. Angalia kabro zako, huenda vumbi hilo tayari lipo na mmekuwa mkilifagia mkidhani ni la barabarani.

Unachokiona nje ni tunda tu. Kuvu yenyewe imo ndani ya mbao na ndani ya mizizi, na kwa kawaida huzaa baada ya kula kwa muda mrefu. Kuung'oa uyoga, kupaka chokaa, kumwaga mafuta machafu ya gari au kunyunyizia ile dawa ya ukungu wa viazi hakutafika ilipo. Tena nakuomba usiung'oe kwanza. Atakayekuja kukagua atataka kuuona ulipoota, kwa kuwa mahali hapo huonyesha upande uliooza. Upige picha ukiwa umeweka kiberiti kando yake ili ukubwa ujulikane, halafu uuache. Na watoto wasiuguse, maana najua uyoga huwavutia.

Nisikuogopeshe na kila uyoga, lakini. Ule mlaini mweupe unaochipuka kwenye nyasi baada ya mvua, mbali na shina, mara nyingi unakula mabaki tu yaliyo udongoni. Ule mkubwa ambao watu wa Kakamega na Vihiga huuchuma kwenye vichuguu hulelewa na mchwa na hauna kesi na mti wako. Mwingine wa kuogopa ni ule wa rangi ya asali unaoota kwa mafungu shinani. Ukibandua gome hapo ukakuta utando mweupe kati ya gome na mbao, hiyo ni Armillaria. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaifahamu, kwa sababu hubaki kwenye visiki na mizizi ya msitu uliofyekwa na kuhamia mimea mipya kupitia mizizi inayogusana.

Turudi kwenye kabro, maana naamini hadithi ya matawi yako makavu ilianzia hapo. Mizizi ya mti haishuki chini sana kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa imo katika sentimita 60 za juu za udongo, na ile myembamba inayokunywa maji imo katika 30 za mwanzo. Huenea pia mbali kuliko kivuli cha matawi. Fundi wa kabro huchimba, akakata kila mzizi unaomzuia, akamwaga vumbi la kokoto, kisha akapitisha mashine ya kushindilia. Mizizi iliyobaki hukosa hewa na maji. Mti haufi siku hiyo. Huishi kwa akiba yake miezi kadhaa, wakati mwingine miaka, kisha matawi ya juu yanaanza kukauka kutoka ncha kurudi nyuma. Mara nyingi upande wa mizizi iliyokatwa ndio upande wa matawi yanayokufa, kwa sababu kila upande wa mizizi hulisha zaidi matawi yaliyo juu yake. Kwako kabro na matawi makavu viko upande mmoja, kwa hiyo sihitaji kutafuta sababu nyingine.

Ila uyoga haukuletwa na kabro. Mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa uozo wa kiwango hicho. Kuvu huenda iliingia zamani kupitia jeraha la jembe, waya wa kuanikia nguo uliofungwa shinani, au tawi lililokatwa vibaya na aliyeishi hapo kabla yenu. Kabro zimeukuta mti ukiwa tayari mgonjwa, na zikauondolea nguvu ya kujikinga.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya wewe mwenyewe. Chukua nyundo ya mbao, au mgongo wa panga, ugonge shina taratibu kulizunguka lote, kwanza usawa wa goti, kisha kiuno, kisha kifua. Mbao nzima hutoa mlio mfupi, mzito. Penye tundu utasikia mlio kama wa debe tupu. Weka alama ya chaki kila mlio unapobadilika, na ukimaliza utaona ramani ya uozo jinsi inavyopanda. Jaribio hili halitoshi kuamua lolote, lakini mtaalamu akifika atajua aanzie wapi.

Mtaalamu naye atapima unene wa ukuta wa mbao iliyobaki, kwa kekee nyembamba au kwa kifaa cha sauti. Tundu peke yake halitoshi kuhukumu mti, kwani ipo miti mingi yenye tundu inayosimama salama. Kipimo ambacho wakaguzi huanza nacho ni kwamba ukuta wa mbao nzima usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo. Shina la upana wa sentimita 60 lina nusu kipenyo cha 30, basi linahitaji ukuta wa kama sentimita 10 pande zote. Tundu likiwa wazi kwa nje upande mmoja, kipimo huwa kikali zaidi. Hiyo ni hesabu ya shina. Uozo ukiwa kwenye mizizi, shina linaweza kufaulu mtihani huo na mti ukang'oka vilevile. Kwa hiyo mkaguzi asiyefukua udongo kidogo kuangalia mizizi mikubwa hajamaliza kazi, na usimlipe kama aliyemaliza.

Tazama na ardhi yenyewe. Mti unaoanza kung'oka huinua udongo upande mmoja na kufungua ufa uliopinda kuuzunguka upande wa pili. Nakuru hapa lazima niongeze neno, kwa sababu tunajulikana kwa mipasuko ya ardhi inayojitokeza baada ya mvua kubwa. Ufa unaopita moja kwa moja na kuvuka kiwanja hadi kwa jirani ni habari ya ardhi, mwite mtu wa jiolojia. Ufa wa nusu duara unaouzunguka mti ni habari ya mizizi. Ukiuona huo, au kabro zimenyanyuka upande mmoja baada ya usiku wa upepo, hakuna tena cha kusubiri. Waondoe watu upande mti unaolemea na mtafute mtu siku hiyohiyo.

Kuinama nako kuna namna mbili. Ulioinama tangu ujana, shina likajipinda na ncha ikarudi kutazama juu, umezoea na umejijengea mbao ya kujishikilia. Ulioinama wote kwa mstari mmoja, hata ncha haijajirekebisha, umeinama juzi. Kama huna hakika, simama sehemu ileile kila wiki upige picha ukiulinganisha na pembe ya nyumba.

Juu kidogo, angalia panda, pale shina linapogawanyika. Panda yenye umbo la U huwa imara. Ile ya V iliyobana, gome likiwa limekunjwa katikati ya mashina mawili, haijashikana ndani. Mashina yote mawili hunenepa yakisukumana hadi siku ya upepo moja likapasuka. Ukiona mstari wa ufa chini ya V, au maji meusi yanatiririka hapo hata siku kavu, usipande, na usimruhusu mtu apande bila kamba.

Mchwa husingiziwa sana. Njia za udongo juu ya gome mara nyingi maana yake ni kwamba wanakula gome kavu la nje na mbao iliyokwisha kufa. Zikwangue uone chini. Gome likiwa hai, waache waende zao. Ukikuta mbao kavu yenye matundu, basi mchwa wamekuonyesha mahali palipokufa, na aliyeiua mbao hiyo ni mwingine.

Sasa kijana wa elfu nane. Kukata kichwa, yaani kukata matawi yote makubwa katikati na kuacha visiki vimesimama, ndiyo kazi mbaya kuliko zote zinazofanyiwa miti mijini mwetu, na inafanyika kila mtaa. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, mti mgonjwa unabaki bila chakula cha kupigana na kuvu. Kila kisiki kikubwa hakifungi jeraha lake, kwa hiyo uozo mpya unaanza kushuka kutoka juu kukutana na ule unaopanda kutoka chini. Kisha mjakaranda una tabia yake: ukikatwa hivyo hutoa machipukizi mengi yaliyosimama wima, yanakua haraka, na yameshikiliwa na tabaka la nje tu la kisiki kinachooza. Miaka michache baadaye kichwa kimerudi, ni kizito, na matawi yake hayana mizizi ndani ya mbao. Utakuwa umelipa elfu nane kununua hatari kubwa zaidi, na utamwita tena akupunguzie.

Kupogoa kwa haki ni kitu kingine. Matawi makavu huondolewa yote. Matawi marefu mno hupunguzwa ncha kwa kukatiwa kwenye tawi dogo linaloweza kuendelea kuishi. Kwa mara moja haiondolewi zaidi ya robo ya majani, na kwa mti dhaifu kama wako ningetaka pungufu ya hapo. Tawi hukatwa nje kidogo ya ule uvimbe ulio shingoni mwake, usiachwe mkia mrefu na wala usikwanguliwe sawa na shina, kwani uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kidogo kutoka chini, kisha kutoka juu mbele kidogo ya hapo, mwisho shingoni, ili lisianguke na kuvua gome la shina. Baada ya hapo halipakwi rangi, lami wala saruji. Mwambie huyo kijana akueleze atakavyokata. Akianza kuzungumzia uvimbe wa shingo, ana haki ya kusikilizwa. Akisema "mimi natoa yote hapa juu", mshukuru umpe chai.

Kazi unayoweza kufanya mwenyewe ni ile unayoifikia miguu ikiwa ardhini, kwa matawi yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono. Ngazi na msumeno wa injini havikutani mkononi mwa mtu mmoja asiyefunzwa. Mti uliokauka wote haupandwi, kwa sababu matawi yake hayatoi onyo. Nyaya hukuzitaja, lakini kama matawi yako yanakaribia laini ya umeme, iwe ile ya volti 240 inayoingia nyumbani au zile za mtaani za 11,000 na 33,000, piga simu Kenya Power waje wayakate wao. Tawi lenye maji hupitisha umeme.

Kumpata mtu wa kufaa si rahisi huku kwetu, nakubali. Tenganisha anayekagua na anayekata. Wengi wa wakataji hupunguza bei kwa makubaliano kwamba kuni au magogo ni yao, na anayelipwa kwa magogo hajawahi kuona mti usiostahili kuangushwa. Mbao ya mjakaranda ina soko, wachonga vinyago huitumia, kwa hiyo jua thamani yake kabla ya kuigawa. Anza na afisa wa misitu au wa mazingira wa kaunti. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo Londiani, na kwa walio Kisumu, Siaya au Kakamega kuna kingine Maseno. Huko wanaweza kuangalia kipande cha uyoga au mzizi na kukwambia ni ugonjwa gani. Sema waziwazi kwamba swali lako ni usalama wa nyumba, maana mtu wa misitu amezoea kuwaza mbao na miche.

Anayepanda, muulize kamba yake iko wapi, kofia ngumu iko wapi, na nani atasimama chini kuzuia watu. Akipanda kwa viatu vya miiba ya chuma kwenye mti unaotaka uishi, msimamishe, kila mwiba ni jeraha. Ukichukua kampuni, omba kuona bima ya wafanyakazi wake. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini inawataka waajiri wawe nayo. Ukichukua kijana wa mtaani asiye na chochote, akianguka uani kwako hilo litakuwa jambo lako na familia yake, na mimi nimeona ugomvi wa namna hiyo ukidumu kuliko mti.

Jirani usimpuuze. Hata kama ana haraka kupita kiasi, amekwisha kukwambia mti unamtia hofu, na kuanzia hapo huwezi kudai hukujua. Mwonyeshe tarehe ya ukaguzi, na matokeo yakija mpe nakala. Ikiwa mti utaangushwa, ulizia kwanza ofisi ya mazingira ya kaunti kama unahitaji ruhusa, na kumbuka kwamba mbao au makaa yakitoka kwenye geti kwenda barabarani yanahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Lori likizuiwa njiani, mwenye mti hutafutwa.

Kwa wasomaji wengine ambao mti wao si mjakaranda, machache tu. Kisumu dhoruba za alasiri huja na upepo wa ghafla, na uwanda wa Kano una udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kwa hiyo huko mkaguzi atazame mizizi kabla ya mvua, asingoje katikati yake. Mikaratusi ina desturi ya kudondosha tawi zima siku tulivu bila upepo, usiweke benchi chini yake. Mparachichi unaotoa majani madogo ya manjano na ncha tupu una mizizi inayooza kwa maji mengi, tengeneza mtaro kabla ya kununua dawa. Uzio wa saipresi unaokuwa kahawia kuanzia ndani, angalia vidukari. Waliingia Kenya mwaka 1990 na hawajaondoka. Mti uliopigwa na radi lakini haukupasuka, uache msimu mmoja ndipo uamue.

Sasa uamuzi wako, dada. Kwa yale uliyoandika, mti una dalili mbili nzito, uyoga shinani na matawi yaliyokufa upande mmoja, na una watoto wanaolala chini yake. Mti uleule ukiwa katikati ya shamba la Njoro ningesema tuutazame mwaka mmoja. Hapo ulipo, ukaguzi ufanyike wiki hii. Mkaguzi akikuta uozo umeshika upande mmoja mdogo, mizizi mikubwa ya pande nyingine ni mizima na ukuta wa shina unatosha, basi kabro zing'olewe kuuzunguka mti kadiri kivuli kinavyofika, au angalau upande wote uliokauka. Udongo ulegezwe kwa uma bila kukata mizizi, yawekwe matandazo ya majani makavu yasiyogusa shina, matawi makavu yatolewe na ncha zilizo juu ya nyumba zipunguzwe. Kisha ukaguliwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Watoto warudi chumbani mwao baada ya ncha hizo kupunguzwa, wasirudi kabla.

Akikuta mizizi ya upande wa nyumba imeoza, au ukuta wa shina ni mwembamba kuliko kipimo nilichokutajia, uangushwe, na usimruhusu mtu akushawishi kuuacha nusu. Nadhani, bila kuuona, kwamba uwezekano huu wa pili ndio mkubwa zaidi. Uangushwe vipandevipande kutoka juu kwa kamba, kwa kuwa hapo hapana nafasi ya kuulaza.

Kisiki kichimbwe chote na mizizi minene iliyooza itolewe, kwani kuvu hubaki humo. Shimo lijazwe udongo mpya, na mche mwingine usipandwe palepale. Sogea mita kumi kutoka ukutani, kisha upande mche wa siala au mringaringa, na safari hii kabro zikomee mbali na mti.